Penzi Lililotulia na Penzi Lililovunjika: Jinsi Upendo Unavyobadilika Ndani ya Ndoa

"Hanipendi tena kama zamani." Kauli hii husikika vibarazani, saluni, katika vipindi vya redio vya usiku na kwenye mitandao ya kijamii, na majibu anayopewa mwenye kuitamka huwa ya pande mbili zinazopingana. Wapo wanaomwambia kwamba penzi limekwisha, ajiandae kuondoka. Wapo wanaomwambia kwamba mapenzi ni mambo ya ujana, avumilie, kwa kuwa ndoa zote huishia hapo. Majibu yote mawili yanakosea mahali pamoja: yanachukulia kwamba upendo ni kitu kimoja, ambacho ama kipo chote ama hakipo kabisa. Mtu akiongozwa na dhana hiyo anaweza kuivunja ndoa iliyokuwa nzima, au akabaki miaka mingi katika nyumba inayomdhuru.

Kwa hiyo tuanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku yote huitwa mapenzi. La kwanza ni shauku: moyo kwenda mbio, usingizi kupotea, mawazo kumrudia mtu mmoja tangu alfajiri hadi usiku, pamoja na hamu ya kuwa naye kimwili. La pili ni ukaribu, yaani kumjua mtu na kujulikana naye, kumwamini kwa siri zako na kutulia unapokuwa pamoja naye. La tatu ni ahadi, ule uamuzi wa kubaki na mtu huyo katika raha na dhiki. Mgawanyo huu ulipendekezwa mwaka 1986 na mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Sternberg, na faida yake kubwa ni kutukumbusha kwamba mambo hayo hayakui kwa kasi moja wala hayapungui kwa pamoja. Shauku hupanda haraka na huwa ya kwanza kushuka, ilhali ukaribu hujengeka polepole, kwa mazungumzo na kwa mambo ambayo wawili wameyapitia pamoja. Katika makala hii nitaita mahaba ya mwanzo ile hali ambamo shauku inatawala, na upendo wa mwandani ile ambamo ukaribu na ahadi ndivyo vinavyotawala, shauku ikiwepo kwa kiasi.

Mahaba ya mwanzo hufanya nini, na kwa nini hayakai

Kuna wanaodhani kwamba mahaba yaliletwa na filamu na tamthilia za kigeni, na kwamba babu zetu walioana kwa ajili ya ukoo, mifugo na kazi za shamba peke yake. Mwaka 1992 wanaanthropolojia William Jankowiak na Edward Fischer walipitia maandishi kuhusu jamii 166 za sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta dalili za mapenzi ya shauku katika jamii 147, Afrika ikiwemo. Kwetu sisi, waliosema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, hawakungoja televisheni iwafundishe.

Kinachotokea mwilini kimechunguzwa kwa karibu. Mwaka 2005 Arthur Aron, Helen Fisher na wenzao walichapisha matokeo ya kupiga picha za ubongo wa watu 17 waliokuwa wamezama katika mapenzi mapya. Walipotazama sura ya mpenzi, ziliamka sehemu za ndani za ubongo zinazotumia kemikali iitwayo dopamini, ambazo kazi yake ni kumsukuma kiumbe akitafute kile kitakachomridhisha. Fisher alishikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba mahaba ya mwanzo ni zaidi ya hisia; ni msukumo wa mwili, wa jamii moja na njaa na kiu. Kabla ya hapo, mwaka 1999, huko Pisa nchini Italia, Donatella Marazziti na wenzake walikuwa wamepima damu ya watu waliopenda karibuni wakaona badiliko linalohusu kemikali ya serotonini, linalofanana na lile la wagonjwa wanaosumbuliwa na mawazo yanayojirudia bila kuzuilika. Baadhi yao walipimwa tena baada ya miezi 12 hadi 18, wakiwa bado na wapenzi walewale, na badiliko hilo halikuwepo tena. Waliopimwa mara ya pili walikuwa wachache, kwa hiyo matokeo hayo yasibebeshwe mzigo mkubwa kupita kiasi, lakini yanakubaliana na makadirio aliyokuwa ameyatoa Dorothy Tennov mwaka 1979 baada ya kuwahoji mamia ya watu: kwamba hali ya kuzama katika mahaba kwa kawaida hudumu kati ya miezi 18 na miaka 3.

Wengi hudhani muda huo unahesabiwa tangu siku ya harusi, nao ni mkanganyiko unaozaa lawama nyingi. Unahesabiwa tangu moyo ulipowaka. Wachumba waliokuwa pamoja miaka minne chuoni huingia katika ndoa wakati mahaba ya mwanzo tayari yameanza kutulia, ila hawakuligundua hilo kwa sababu maandalizi ya harusi yaliwashika: vikao vya kamati, michango, siku ya kuagwa bibi harusi, sare, ukumbi na msururu wa magari. Yote hayo yanapokwisha katika wiki moja, wanabaki wawili sebuleni na ratiba ya kazi, na mmoja wao husema kwamba mwenzake amebadilika mara tu baada ya kuoana. Ni tofauti na waliooana baada ya uchumba mfupi, ambao mahaba huwawakia ndani ya nyumba na kutulia humohumo, pengine mtoto wa kwanza akiwa ameshazaliwa. Mwaka 2003 Richard Lucas na wenzake walichapisha uchambuzi wa taarifa za zaidi ya watu 24,000 waliofuatiliwa nchini Ujerumani kwa miaka 15. Kwa wastani, watu waliona maisha yao kuwa matamu zaidi karibu na wakati wa kufunga ndoa, kisha wakarudi katika kiwango chao cha zamani. Wastani huo ulificha tofauti kubwa: wapo walioendelea kuwa na furaha zaidi kwa miaka mingi, na wapo walioshuka chini ya hapo walipoanzia.

Mazoea

Neno hili limepewa sifa mbaya, na nadhani linastahili kutazamwa upya. Mfikirie mtu aliyekulia Dodoma akahamia Bagamoyo na kupanga chumba karibu na ufuko. Wiki za kwanza anasikia kila wimbi; sauti ya bahari inamwamsha usiku, naye anawasimulia ndugu zake kwa simu jinsi inavyovuma. Baada ya miezi kadhaa haisikii tena. Bahari haijanyamaza, ila masikio yameizoea. Kisha anarudi Dodoma kwa msiba, analala katika chumba kile alichokulia, na usingizi hauji, kwa sababu kuna kitu kimepungua usiku na hajui ni nini. Alipokuwa akisikia kila wimbi, bahari ilikuwa bado ngeni kwake. Alipoacha kuisikia, ilikuwa imeshakuwa sehemu ya usingizi wake.

Mwanasaikolojia Ellen Berscheid alieleza jambo hili kwa namna ya kitaalamu mwaka 1983. Kwa maoni yake, hisia kali huzuka pale mpangilio wa maisha unapokatizwa. Wawili ambao siku zao zimesukwa pamoja, huyu anajua chai ya mwenzake inahitaji sukari kiasi gani na yule anaitambua sauti ya pikipiki ya mwenzake ikikata kona, huenda wasihisi msisimko wowote kwa miezi mingi, ilhali wanategemeana kuliko wachumba wanaotetemeka wakishikana mikono. Kutegemeana huko hufichika mpaka kitu kitokee. Mke akipata mkataba wa kazi wa miaka miwili Muscat, au mume akihamishiwa mgodini Geita, aliyekuwa akilalamika kwamba nyumbani hakuna jipya hujikuta hajui la kufanya jioni. Anayefiwa naye hugundua kwa uchungu kwamba kile alichokiita kawaida kilikuwa ndiyo maisha yake.

Hata hivyo, sauti isiyosikika ni rahisi kuisahau, na hapo ndipo mazoea yanapokuwa na hatari ya kweli. Mtu aliyezoea kupikiwa, kulipiwa ada za watoto, kufuliwa au kusindikizwa hospitali huacha kuona kwamba hayo yanafanywa na mtu. Mwenza huacha kushukuriwa, halafu huacha kuulizwa siku yake ilikuwaje. Shauku imetulia kwa sababu za kimaumbile. Ukaribu nao unapungua kwa sababu nyingine kabisa, ya kuachwa bila kutunzwa. Kwa nje mambo haya mawili yanafanana, na ndiyo maana watu hudhani ni jambo moja.

Watoto, kazi na miaka ya katikati

Katika uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2021, Janina Bühler na wenzake walionyesha kwamba kuridhika na uhusiano, kwa wastani, hushuka katika miaka 10 ya kwanza, hupanda tena hadi karibu mwaka wa 20, kisha hushuka polepole. Kwa kuangalia umri, sehemu ya chini kabisa ilikuwa karibu na miaka 40. Hapo katikati ndipo wazazi wengi wanapokuwa na watoto wadogo, mkopo wa nyumba au kiwanja, na wazee wanaoanza kuugua kijijini.

Mtoto wa kwanza hubadilisha mengi kuliko harusi yenyewe. Katika utafiti wa Alyson Shapiro, John Gottman na Sybil Carrère uliochapishwa mwaka 2000, asilimia 67 ya wake waliridhika na ndoa kidogo kuliko zamani baada ya kupata mtoto wa kwanza, huku asilimia 33 wakibaki palepale au wakiridhika zaidi. Nyumba zilizosalimika zilitofautiana na nyingine kwa jambo moja lililo ndani ya uwezo wa kila mtu: mume aliendelea kumwonyesha mkewe kwamba anampenda, na alikuwa akijua nini kinaendelea katika maisha yake. Mwili nao una sehemu yake. Mama anayenyonyesha huwa na homoni zinazopunguza hamu ya tendo la ndoa, na usingizi wake ni wa vipande vipande. Desturi ya arobaini, ambayo kwa siku 40 humpumzisha mzazi chini ya uangalizi wa mama yake au shangazi, ilitambua hilo tangu zamani. Siku hizi, mijini, arobaini mara nyingi huishia katika sherehe tu, mama akiwa peke yake na mtoto, na baba akitafsiri uchovu kuwa ni kukataliwa.

Mahali ambapo sababu hazijulikani, sababu nyingine hubuniwa. Mume akionyesha mapenzi kupita matarajio ya ndugu zake, husemwa amelishwa limbwata. Akipoa, husemwa amerogwa na mwanamke wa nje, na fedha za ada huishia kwa mganga. Nawahurumia wanaofika huko, kwa sababu maumivu yao ni ya kweli, lakini hakuna dawa ya kuchanganya katika chakula inayoweza kurudisha mahaba ya mwezi wa tatu tangu kupendana kwa mtu aliye katika mwaka wa tisa wa ndoa. Akiingizwa katika penzi jipya nje ya nyumba, ni kweli kwamba msisimko ule utarudi, kwa kuwa kila penzi jipya lina mwezi wa tatu wake. Penzi hilo pia litafika mwaka wa tatu, na litatulia.

Imani nyingine inayoumiza ni kwamba hamu ikishuka, lazima kuna mtu mwingine. Kwa wanaume, kupungua kwa nguvu za kiume ni tatizo linalowapata wengi wenye kisukari na shinikizo la damu, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huchangia pia. Wakati mwingine ndiyo ishara ya kwanza inayofichua ugonjwa ambao haujagunduliwa. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi hupata ukavu na maumivu yanayoweza kumfanya akwepe tendo la ndoa bila kumchukia mumewe hata kidogo. Haya yana matibabu hospitalini, na inasikitisha kuona wanaume wakiyapeleka kwa wauza unga wa mitishamba stendi, na wanawake wakiyanyamazia kwa aibu, wakati kipimo cha sukari kingeanza kutoa jibu.

Je, shauku hufa kabisa?

Wengi wanaosoma kuhusu miezi 18 na miaka 3 huhitimisha kwamba baada ya hapo kilichobaki ni kuvumiliana. Hilo nalo linakanushwa na ushahidi. Mwaka 2012 Bianca Acevedo, akiwa na Aron, Fisher na Lucy Brown, alichapisha matokeo ya kupiga picha za ubongo wa watu 17 waliokuwa katika ndoa kwa wastani wa miaka 21 na waliosema kwamba bado wanawapenda wenzi wao kwa nguvu. Walipoonyeshwa sura za wenzi hao, sehemu za dopamini ziliamka kama za watu walio katika penzi jipya. Watafiti hao waliwatafuta kwa makusudi watu wa namna hiyo, kwa hiyo hatuwezi kusema wako wangapi mitaani. Tunaweza kusema kwamba wapo, na kwamba hawajidanganyi.

Kinachosaidia kimejaribiwa pia. Mwaka 2000 Aron na wenzake waliwafunga wanandoa wawili wawili kwa mikono na miguu, wakawataka watambae pamoja wakisukuma kitu juu ya magodoro ya mazoezi. Waliofanya kazi hiyo ngeni na ya kuchekesha waliona ubora wa uhusiano wao umepanda kuliko wenzao waliopewa kazi ya kawaida isiyo na msisimko. Haihitaji magodoro. Wawili wanaojifunza pamoja kufuga nyuki, wanaosafiri na treni kwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wao anapajua, au wanaoanzisha biashara ndogo wasiyo na uzoefu nayo, humwona mwenza akiwa katika hali mpya, na aliyezoeleka huonekana tena.

Lakini mambo madogo yana uzito zaidi. John Gottman, aliyewachunguza maharusi katika Chuo Kikuu cha Washington na kuwatafuta tena baada ya miaka 6, alieleza kwamba waliobaki katika ndoa walikuwa wameitikia asilimia 86 ya vijiombi vya mwenza vya kutaka kusikilizwa, na walioachana asilimia 33. Kijiombi ni kitu kidogo mno: "Hebu ona mvua inavyokuja," au "Leo bosi kanichosha." Anayeinua macho kutoka kwenye simu na kujibu ameitikia. Gottman huyohuyo alisema pia kwamba asilimia 69 ya mambo wanayobishania wanandoa hayamaliziki kamwe, hata katika ndoa zenye furaha. Hurudi na kurudi, na tofauti iko katika namna yanavyozungumzwa. Kwa hiyo ugomvi uleule wa fedha za mama mkwe kurudi kila Desemba haudhihirishi kwamba upendo umekufa.

Na waliochaguliwa wenza na wazazi? Mwaka 1982 Usha Gupta na Pushpa Singh walichapisha utafiti wa wanandoa wa Jaipur, India, ulioonyesha upendo wa waliochaguana ukianza juu na kushuka, na wa waliochaguliwa ukianza chini na kupanda. Utafiti huo hunukuliwa sana na watetezi wa ndoa za kupangwa, ilhali ulihusu jozi 50 tu, na uchunguzi wa baadaye wa Wahindi waishio Marekani, uliotolewa mwaka 2012, haukukuta tofauti yoyote. Jambo linaloonekana salama kusema ni kwamba ukaribu unaweza kujengwa na watu waliokutana kwa njia yoyote, mradi wote wawili walikubali.

Niongeze tahadhari kwamba sehemu kubwa ya tafiti hizi imefanyika Marekani na Ulaya, katika nyumba za watu wawili na watoto wao. Nyumba nyingi za Lamu, Kigoma au Bukavu zina mama mkwe, wifi, watoto wa ndugu na pengine mke mwenza, na ukaribu wa wanandoa hutafuta nafasi katikati ya watu hao wote. Somo au kungwi wa pwani, ambaye zamani aliendelea kumtembelea mwari wake hata baada ya fungate, alikuwa na kazi katika nyumba kama hizo ambayo utafiti wa maabara haujaipima.

Uzeeni picha hubadilika tena. Mwaka 1995 Laura Carstensen, Gottman na Robert Levenson walitoa matokeo ya kuwarekodi wanandoa 156, wengine wa umri wa miaka 40 hadi 50 na wengine wa miaka 60 hadi 70, wakizungumzia jambo wanalogombania. Wazee walionyesha mapenzi zaidi na hasira kidogo hata walipokuwa wanabishana.

Kilichotulia na kilichovunjika

Baada ya maelezo haya kuna hatari kwamba kila kitu kitaitwa hatua ya kawaida ya ndoa, na mwenye kuumia ataambiwa asubiri. Kupigwa si hatua ya ndoa. Vivyo hivyo kudharauliwa mbele ya watoto, kunyimwa fedha za chakula, kuogopa kurudi nyumbani au kulazimishwa. Shauku inapotulia, heshima hubaki mahali pake. Heshima ikiondoka, kilichotokea ni kitu kingine, na miaka haitakiponya.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitenga mipaka hiyo kwa namna yake. Hairuhusu mtu kuomba talaka kabla ya miaka 2 tangu kuoana bila idhini ya mahakama, na kwa kawaida hutaka shauri lipite kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Kifungu cha 107 kinataja mambo yanayoweza kupokelewa kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, yakiwemo uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kumpuuza mwenza kwa makusudi na kumtelekeza kwa angalau miaka 3. Kupoa kwa mahaba hakumo katika orodha hiyo. Mwanandoa anayekwenda mbele ya baraza hujisaidia akieleza ni lipi lililopungua, na tangu lini, kwa kuwa wajumbe hawawezi kusuluhisha jambo ambalo halijatajwa. Anayepigwa au kutishwa uhai, yeye asianzie kwenye usuluhishi. Aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, achukue fomu ya PF3 akatibiwe, na aitunze nakala yake.